Mpira ukijipinda wenyewe: kitambaa husingiziwa, sakafu hunyamaza

Kuna ukumbi mmoja wa pool huko Mikindani, Mombasa, ambao wenyeji wake walikuwa hawashindiki. Si kwamba walikuwa mabingwa. Walikuwa wanaijua meza. Mgeni akiusukuma mpira polepole kuelekea shimo la kona ya dirishani, ulikwenda vizuri hadi karibu na mwisho, kisha ukajipinda upande wa barabarani kama mlevi anayetafuta ukuta wa kuegemea. Wenyeji walikuwa wakilenga nje ya shimo makusudi, na mpira ukarudi wenyewe hadi ukadumbukia. Mgeni analipa soda, watu wanacheka, sarafu nyingine inaingia.

Mwenye ukumbi aliponiita alikuwa keshapima na keshahukumu. "Fundi, kitambaa kimekwisha. Nibadilishie, na mara hii nataka cha bluu." Kitambaa chenyewe kilikuwa hakijamaliza miezi mitano. Na kile cha kabla yake kilitolewa kwa sababu hiyohiyo.

Hili ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko yote, kuanzia Changamwe hadi Bamburi. Meza ya pool ni kitu cha tabaka. Juu kabisa pana kitambaa, chini yake jiwe, jiwe limelalia fremu, fremu imebebwa na miguu, na miguu imekanyaga sakafu. Kosa la chini hupanda juu, na likishafika juu huonekana kama kosa la kitambaa, kwa kuwa kitambaa ndicho macho yanachokiona. Basi mtu ananunua kitambaa kipya, kinapigwa pasi, kinang'ara, na mpira unajipinda vilevile.

Kwa hiyo kabla sijashika spana huanza na mpira. Sitegemei ule mweupe peke yake, maana katika meza nyingi za sarafu mweupe hutofautiana na wenzake. Ama ni mdogo, milimita 47.6 kwa 50.8 za mipira mingine, ama una chuma ndani ili sumaku iutenge unapoangukia shimoni na kuurudisha mbele. Huchukua mipira miwili mitatu ya rangi. Wala siisukumi kwa mkono, mkono una uongo wake. Nina kipande cha bomba la plastiki nilichokipasua kwa urefu kikawa kama mfereji. Nakiinamisha kidogo juu ya meza, naachia mpira juu yake, unashuka kila mara kwa nguvu ileile. Nautuma kwenda, kisha nahamia upande wa pili nautuma kurudi kwenye mstari uleule.

Hapo meza inaanza kusema. Mpira ukielekea ukuta uleule kwenda na kurudi, tuseme ukuta wa barabarani, meza imeinama upande huo. Ukienda kushoto kwangu kila nikiutuma, yaani safari moja unaelekea barabarani na safari ya pili unaelekea baa, basi meza haina hatia. Ni bomba nililoliweka vibaya au ni mpira uliochakaa upande mmoja. Ukiruka au kutikisika mahali pamoja tu, pana punje ya mchanga chini ya kitambaa, au panapokutana mawe pamefumuka. Na kama kwa urefu unakwenda sawa lakini ukitumwa kwa upana wa meza polepole unavutwa kuelekea mwisho mmoja, hapo kitambaa kinaweza kweli kuwa na neno, na nitakuja kulieleza.

Mikindani mpira ulielekea barabarani kwenda na kurudi. Nikapiga magoti nikamulika chini. Mguu wa kona ulikuwa umewekewa boksi la soda lililokunjwa mara nne. Boksi linalowanishwa na maji ya deki kila asubuhi, likikauka mchana, usiku linakaliwa na meza.

Tuanze huko chini basi. Sakafu ya baa haikujengwa iwe sawa. Ilijengwa iwe na mteremko, ili maji ya kuoshea yakimbilie mfereji. Mwashi aliyeifanya vizuri kazi yake ndiye aliyekuharibia meza. Mteremko wa sentimita moja kwa kila mita mbili hauuhisi ukitembea, lakini kwa mpira wa pool huo ni mlima. Kwenye vibanda vya makuti mambo ni magumu zaidi, kwa sababu chini ni mchanga au kabro. Kila mguu unakanyaga tofali lake, na kila tofali linazama kwa wakati wake. Ghorofani nako sakafu huyumba kidogo watu wakiwa wengi, ndiyo maana napenda meza isogee karibu na ukuta wenye boriti, isikae katikati ya chumba kama kitanda cha bibi harusi. Iachiwe tu nafasi ya fimbo kuvutwa nyuma.

Dawa ya sakafu si boksi, si mbao laini, si vifuniko vya chupa. Mbao hunywa maji ikavimba, kisha ikapungua. Mimi hutumia vipande vya vigae vizito au bamba la chuma chini ya mguu, halafu marekebisho madogo nayafanya kwa kuzungusha miguu yenyewe, maana meza nyingi za biashara zina miguu ya skrubu. Kwenye mchanga humwambia mwenye baa amwage zege, vibao vinne tu vya kukanyagia. Wengine hukubali, wengine husema nawapandishia gharama.

Meza ya miguu minne ina ujanja wake. Kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata ukikiweka juu ya mawe, lakini cha minne siku zote mguu mmoja hutafuta njia ya kukwepa kazi. Kwenye meza ya pool huoni ikiyumba, kwa kuwa jiwe peke yake hupita kilo 100 na linaikandamiza fremu ijipinde hadi miguu yote iguse chini. Pimamaji, ile rula yenye povu la kuonyesha usawa, ukiiweka katikati itakwambia kila kitu ni sawa, kumbe kona moja imepanda na ya mshazari wake imeshuka. Kwa hiyo hupima kwa urefu, kisha kwa upana, kisha mishazari yote miwili, halafu naanza upya, kwa sababu kila mguu unaouzungusha huharibu kidogo ulichokitengeneza dakika tano nyuma. Mara nyingi ni mizunguko minne mitano. Wateja wasio na subira hudhani sijui kazi.

Sasa pimamaji yenyewe. Chama cha dunia cha mchezo huu, WPA, kinataka uso wa meza usipotoke zaidi ya milimita 0.508 kwa urefu na 0.254 kwa upana. Nambari hizo hazisemi kitu mpaka uzishike mkononi. Chukua karata moja kutoka pakiti ya wazee wanaocheza barazani. Unene wake ni kama milimita 0.3. Yaani kwa upana wa meza huruhusiwi kukosea hata karata moja. Pimamaji ya mwashi, hata iwe mpya dukani, mara nyingi huwa na kosa la nusu milimita hadi milimita nzima kwa kila mita. Huwezi kupima karata kwa kifaa kinachokosea karata tatu. Ndiyo maana mafundi wa meza hutumia pimamaji za mafundi mitambo. Ile ya Starrett namba 98, kwa mfano, kila mstari wake ni kama milimita 0.42 kwa mita, na jicho lililozoea husoma hata robo ya mstari.

Kama huna hiyo, kuna hila inayokutoa nusu ya aibu. Weka pimamaji yako juu ya jiwe, chora kwa penseli ilipokaa, subiri povu litulie, tia alama. Kisha igeuze, kichwa kiwe mkia, uirudishe kwenye alama zilezile. Povu likitulia palepale juu ya jiwe, kifaa ni mkweli. Likihama, nusu ya umbali uliohama ni uongo wa kifaa, na mwinamo wa kweli wa meza ni wastani wa vipimo hivyo viwili. Nimeona mafundi wa miaka mingi wasiolijua hili, wanalaumu meza tano kwa siku kwa ugonjwa wa pimamaji moja.

Jiwe nalo ni habari. Linaitwa sleti, ni jiwe la aina ile waliyoandikia wanafunzi wa zamani kabla daftari halijawa la kila mtoto. John Thurston wa London alianza kulitumia kwenye meza za biliadi mwaka 1826. Kabla ya hapo uso ulikuwa mbao, na mbao hupinda. Mwaka 1835 akaleta raba kwenye kingo, lakini raba ya enzi hizo, kabla ya kugunduliwa namna ya kuipika kwa salfa, ilikuwa ngumu kama ubao kwenye baridi ya Uingereza, ikabidi ipashwe moto kwanza ndipo watu wacheze. Tatizo ambalo Mombasa ya Februari tungeliomba kwa dua.

Meza kubwa za futi tisa huwa na mawe matatu yaliyounganishwa, na WPA inataka unene usiopungua milimita 25.4. Panapokutana mawe, tofauti ya kimo isizidi milimita 0.127, chini ya nusu ya karata. Meza za sarafu zilizojaa kwenye baa zetu ni ndogo na jiwe lao ni moja, kwa hiyo hazina viungo vya kufumuka. Ila jiwe moja huweza kubonyea katikati au kuinuka kama mgongo wa kobe, ikiwa fremu inaligusa kwenye kingo tu au imevimba kwa unyevu. Hapo kuzungusha miguu hakusaidii kitu. Miguu huinamisha meza nzima, haiwezi kunyoosha kilichojikunja. Inabidi jiwe liinuliwe liwekewe kabari nyembamba baina yake na fremu, na kabari nzuri kuliko zote, usicheke, ni karata. Zina unene sawa zote, hazibonyei upesi, na kila moja ni kipimo. Nina rafiki wa Tudor ambaye mkoba wake wa kazi haukosi pakiti mbili, na mkewe alichukua muda mrefu kuamini ni za kazi.

Viungo vya mawe matatu hujazwa ama nta ya nyuki iliyoyeyushwa ama fila ya magari. Nta ni rahisi kuikwangua ikiharibika, lakini hulainika mapema kwa joto kabla hata ya kuyeyuka kwenye nyuzi 62 au zaidi, na ukumbi wa bati unaopigwa jua la kaskazi kutwa nzima si mahali pake. Kwa Pwani mimi ni mtu wa fila.

Haya yote hufanywa jiwe likiwa uchi. Siku unayobadilisha kitambaa ndiyo siku pekee unayoonana na jiwe uso kwa uso, na fundi anayevua kitambaa cha zamani na kuvalisha kipya bila kupitisha rula ya chuma juu ya jiwe amekutoza hela ya kushona nguo tu.

Tufike kwenye kitambaa. Kuna koo mbili. Moja ina malaika, zile nywele laini kama za mkononi, zilizolazwa upande mmoja. Hizo hutakiwa zielekee kutoka mwisho wa kuanzia mchezo kwenda mwisho wa pili, na kitambaa hupigwa brashi na pasi kwa kuzifuata, kamwe si kinyume. Mpira unaokwenda polepole kukata upana hukokotwa kidogo na malaika kuelekea zilikolala. Hii ndiyo kesi niliyoiacha kule juu, na si ugonjwa, ni tabia. Ukoo wa pili hauna malaika: nyuzi zimechanwa, zikasokotwa kwa kubana na kufumwa, mpira unateleza kwa kasi na haukokotwi kokote. WPA inataka wa aina hii, sufu isiyopungua asilimia 85 na nailoni isiyozidi 15. Kampuni ya Simonis ya Verviers, Ubelgiji, ambayo imekuwa ikifuma tangu 1680, kitambaa chake cha 860 ni sufu asilimia 90 na nailoni 10.

Madukani kwetu utauziwa vingi vinavyoitwa vya sufu. Usibishane na muuzaji. Omba uzi mmoja, uwashe kwa kiberiti. Sufu inanuka nywele zinazoungua, na jivu lake ukilifinya linakuwa vumbi. Nyuzi za plastiki huyeyuka, zikipoa zinaacha kidonge kigumu kama shanga. Ukipata harufu ya nywele na vidonge pamoja, ni mchanganyiko, na ukubwa wa kidonge utakunong'oneza mengine.

Sufu hunywa unyevu hadi karibu theluthi moja ya uzito wake bila mkono kuhisi kuwa imelowa. Hapo ndipo Mombasa inapoingia. Kitambaa kilichonywa hulegea na kuwa kizito, mpira unasinzia. Kikikauka hujikaza na mpira unakimbia. Mwezi Mei, mvua zinapopamba moto, simu yangu haitulii: "Fundi, meza imekuwa nzito." Lakini kwa nilivyoona, masika hayaharibu kama kipoza hewa kinachowashwa saa kumi na mbili jioni na kuzimwa saa nane usiku. Kila siku kitambaa kinakaushwa na kuloweshwa, kinajikaza na kulegea, mpaka gundi ya kingo inachoka. Meza za biliadi zisizo na mashimo, na za snuka za mashindano makubwa, huwekewa joto chini ya jiwe ili kitambaa kisinywe maji kabisa. Sisi hatufiki huko. Inatosha kukifungua kitambaa kipya kwenye ukumbi wenyewe tangu jana yake kizoee hewa, na kutokikaza siku ambayo chumba ki baridi kuliko kawaida yake.

Kwenye meza kubwa kitambaa hupigwa pini za stepla kwenye mbao zilizo chini ya jiwe. Tumia za chuma cha pua. Hizi za kawaida hewa ya chumvi huzila, na kutu hupenya hadi juu. Kwenye meza ya sarafu jiwe halina mbao, kwa hiyo ni gundi ya kupuliza: unapuliza ubavu wa jiwe, unapuliza ukingo wa kitambaa, unasubiri hadi gundi inase kidole bila kukifuata, ndipo unashika. Mwisho mmoja kwanza, kisha mkabala wake, kisha mbavu kuanzia katikati kwenda kona. Angalia mistari ya mfumo wa nyuzi. Ikienda imenyooka, umevuta sawa. Ikipinda kama upinde, umevuta kwa hasira mahali pamoja, na mpira utaufuata huo upinde. Ukimaliza jaribu kukifinya katikati ya meza: kisiinuke mkunjo. Wengine hukaza hadi kitambaa kilie kama ngoma, kisha wanashangaa kimepasuka mdomoni mwa shimo mwezi wa tatu.

Kingo huvalishwa peke yake, na hapa nitasema mawili tu. Raba iliyokauka haiponi kwa kitambaa kipya. Ibonyeze kwa kidole gumba, kama ni ngumu kama kwato, ing'olewe. Na ncha ya ukingo inatakiwa iwe kwenye kimo cha asilimia 63.5 ya kipenyo cha mpira. Kwa mpira mkubwa wa milimita 57.15 hiyo ni milimita 36.3, kwa mdogo wa 50.8 ni 32.3. Mwenye baa anayepoteza mipira midogo na kununua mikubwa kwa sababu imepatikana rahisi, amebadilisha meza nzima bila kujua. Mipira itagonga ukingo chini ya kimo chake na kuanza kurukaruka, na mweupe pia huenda usirudi mbele tena.

Nani alipe? Mara nyingi meza ni ya mtu, baa ni ya mtu mwingine, na sarafu wanagawana. Mwenye meza anasema sakafu si yake, mwenye baa anasema kitambaa si chake. Fundi anasimama katikati na pimamaji mkononi. Mimi siku hizi sianzi mpaka wote wawili wawepo, nawaviringishia mpira mbele yao kwenda na kurudi, kisha natoka nje kunywa maji.

Mikindani walielewana. Boksi likatupwa, vigae vikaingia, jiwe likalazwa kwa karata mbili, na kitambaa cha miezi mitano kikarudishwa kilekile, kimepigwa brashi na kuvutwa upya. Nikachora duara za rangi sakafuni kuzunguka kila mguu, ili anayepiga deki akiisogeza meza ajue pa kuirudisha, nikaahidi kurudi baada ya wiki moja kwa kuwa meza hukaa chini kidogo ikishabeba watu.

Jioni hiyohiyo kijana mmoja wa pale, yule aliyekuwa hanunui soda, akatia shilingi 20, mipira ikashuka. Akainama, akalenga nje ya shimo la dirishani kwa utulivu kama alivyozoea, akausukuma polepole. Mpira ukanyooka hadi ukingoni, ukagonga raba, ukasimama. Akauangalia. Akainama kuchungulia chini ya meza, pale palipokuwa na boksi.

"Fundi," akasema, "hii meza umeiharibu."